Pasipoti ya Nonna

Mdogo wangu Nonna watu wanamjibu kwa Kiestonia. Hilo ndilo lililoniuma. Sote wawili tumezaliwa hapa hapa Narva, mji wa Estonia ulio mpakani na Urusi, Warusi wa tumbo moja, na sote tulikuwa na pasipoti ya kijivu, ile ya mtu asiye raia wa nchi yoyote. Mimi nikijaribu Kiestonia sokoni, muuza jibini ananihurumia, ananijibu kwa Kirusi. Nonna akinunua jibini lile lile, wanapiga soga mpaka foleni inanung'unika. Mtihani wa lugha, ule wa kuombea uraia, nimefeli mara tatu. Yeye alikuwa anakwenda mji wa Jõhvi kuufanya mara ya kwanza, na nilijua atapita. Kijicho kilinikaba, sifichi.

Asubuhi ile alipita kwangu kunywa chai kabla ya basi.

"Dada, niombee."

"Wewe wa kuombewa? Si siku hizi hata ndoto unaota kwa Kiestonia!"

"Usianze, Taisia."

Tukakaa kitako kidogo, kama ilivyo desturi yetu Warusi kabla ya safari, kisha akainuka akatoka. Pasipoti ikabaki mezani, kando ya bakuli la jamu. Bila hiyo mtu haingii chumba cha mtihani.

Niliiona. Dirisha lilikuwa wazi, naye alikuwa bado uani akihangaika na kofia yake. Lakini kumwita msafiri arudi ni nuksi, kwetu kila mtu anajua, na moyo wangu ukaidaka sababu hiyo kwa mikono miwili. Nikaifunika pasipoti kwa kitambaa cha vyombo.

Dakika tano hazikupita, akarudi anahema. Kwanza akajitazama kwenye kioo cha ukutani, maana anayerudi njiani lazima ajitazame ili avunje mkosi. Kumbe kioo kilimwonyesha na mimi, nimekibana kitambaa kwa kiganja, na ncha ya kijivu inachungulia.

"Ulikuwa unaiona?"

"Kumwita mtu arudi ni nuksi, Nonna."

"Nuksi ni wewe."

Akaichomoa pasipoti, akashuka ngazi mbio.

Basi aliliwahi, na mtihani alifaulu. Miezi ikapita, akapewa uraia. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ndiye aliyeniambia, maana yeye alialikwa kwa Nonna kula keki ya sherehe.

"Pole, mama," akasema. "Nonna katuambia hukuja kwenye keki kwa sababu ulikuwa unaumwa."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa naumwa.