Sina Ubavu

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa na kipepeo changu mwenyewe, cha kujipepea, nilichokitengeneza kwa mikono yangu hii miwili.

Kwanza nieleze kosa, maana ndotoni hakuna aliyenipa nafasi ya kulieleza. Mzee Hirakawa, fundi wa vipepeo kutoka Japani, amekaa nasi hapa Kilolo miezi mitatu akitufundisha kazi ya kwao. Unachukua kipande kimoja cha mwanzi. Chini unaacha mshikio, juu unakipasua mpaka upate mbavu arobaini nyembamba, unazifuma kwa uzi zitanuke, kisha unabandika karatasi kwa wanga. Sharti lake ni moja tu: mbavu zote zitoke kwenye mwanzi uleule. Changu alikipenda kuliko vyote, akasema siku ya kuondoka atakwenda nacho akakitundike kwenye karakana ya marehemu baba yake. Hakujua kwamba ubavu mmoja ulinikatikia. Nilichonga mwingine kutoka kwenye mbeta kuukuu ya mama, ule mwanzi anaokingia ulanzi, pombe ya mianzi, nikauchomeka, nikaufunika kwa karatasi na kunyamaza.

Haya. Ndotoni niko karakanani, jua limeshapanda, na kipepeo kinakohoa mezani.

"Odilia," kinasema, "kaa chini."

Nakaa. Karatasi inajibandua taratibu, kama mtu anayevua shati mbele ya daktari. Mbavu zinasimama wima na kuanza kujihesabu, kila mmoja ukitaja namba yake kwa adabu. Zinapofika kumi na saba, kimya. Kisha inatoka sauti nzito.

"Kamwene, jamani. Nani ana kikombe?"

Nilishtuka nusura nidondoke kwenye kigoda. Ubavu ule ulikuwa umelewa chakari. Uliwaegemea wenzake na kucheka peke yake, na ubavu wa kumi na sita ukalalamika kwamba umechoka kuubeba tangu Jumanne.

Nikageuka nitafute mlango, nikajikuta mahakamani. Kuta zilikuwa za mianzi mibichi iliyokuwa bado inakua, kwa hiyo kila nilipotazama juu dari lilikuwa limesogea mbali zaidi. Hakimu alikuwa kisu cha kupasulia mianzi. Alivaa miwani ya Mzee Hirakawa, na ilimkaa vizuri.

Kisu akaziuliza mbavu kama huyu wa kumi na saba ni ndugu yao. Zikajibu kwa pamoja kwamba hazimjui, hazikukua naye, na ananuka. Mlevi akajitetea kwamba yeye hakuomba kuletwa, alikuwa na kazi yake ya heshima. Nilimwonea huruma, na niliona aibu kubwa, kwa sababu alisema kweli.

"Odilia," akasema Kisu, "una ubavu wa kumweleza mwalimu wako kabla hajaondoka?"

Nikamfikiria Mzee Hirakawa. Kwenye begi lake alikuwa amekwisha kutandika kitambaa cha hariri cha kulazia kipepeo changu, akakitandika tena kwa sababu kilikuwa na kunyanzi moja.

"Sina ubavu, mheshimiwa."

Nilisema kama tusemavyo sote tukiogopa jambo. Lakini karani, ambaye ni kopo la wanga, anaandika huku akisoma kwa sauti: mshtakiwa amekiri kwamba hana ubavu.

"Sikumaanisha hivyo," nasema. "Nimemaanisha naogopa."

"Mimi napasua mianzi," anasema Kisu. "Maneno nayachukua mazima."

Wananihesabu. Ncha ya baridi inapita kifuani mwangu, kulia kisha kushoto, na karani anatangaza kwamba nimekutwa na mbavu ishirini na nne. Ukumbi mzima unaguna. Kisu anafafanua kwamba kwa kuwa nimekiri sina, hizo nilizokutwa nazo si zangu, na mahakama inaweza kuchukua mmoja kuziba pengo. Nilitafuta kosa katika hoja ile, sikuliona.

Mbavu za kipepeo zikanong'onezana, kisha mmoja ukauliza: huo nao si wa mwanzi mwingine?

"Ninyi mmetoka mikononi mwake," akasema Kisu. "Huo ni ndugu yenu."

Sikusikia maumivu. Nilisikia *tak*, mlio uleule wa mwanzi unapokubali kupasuka. Kisha yule mlevi akajipenyeza chini ya ziwa langu la kushoto, akawaambia waliomo, "Samahani ndugu zangu, tusogeleane kidogo." Nao wakasogea. Niliwasikia wakisogea.

Nikaamka nikitweta. Kumekucha, na mama amesimama mlangoni na kikombe cha uji, pua ameikunja.

"Odilia, umekunywa?"

Nikamwambia mama, wewe unajua sijaonja ulanzi tangu nipate kipaimara. Akainama, akaninusa mdomo, akaweka uji chini. Halafu akaniambia nivae upesi, Mzee Hirakawa yuko nje, gari linamngoja.

Nilikichukua kipepeo kando ya kitanda, nikakiinua dirishani penye mwanga kama mwalimu anavyofanya. Mbavu thelathini na tisa zilikuwa za rangi ya majani makavu. Wa kumi na saba ulikuwa mweupe. Nikaugusa juu ya karatasi, ulikuwa na joto. Nikavuta pumzi, kipepeo kikapanda kidogo. Nikaitoa, kikashuka. Nikavaa blauzi, nikatoka nacho.

Nje, Mzee Hirakawa aliinama kunisalimu, kisha akanyoosha mikono miwili kukipokea. Nilikuwa na hofu ileile ya mahakamani, haikupungua hata chembe.

"Mwalimu," nikasema, "ubavu wa kumi na saba haukutoka kwenye mwanzi huu."

Akakiinua kwenye jua. Alikitazama muda mrefu, dereva akapiga honi, yeye akaendelea kutazama. Kisha akashusha miwani yake, akanitazama mimi, akakitazama kipepeo.

"Naona," akasema. "Unapumua."