Bendi ya San Melchor Ina Harusi

Mume wangu Macedonio alikufa Alhamisi asubuhi, akaniachia neno moja tu: nisimzike kimya. Alikuwa amepuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, katika bendi ya kijiji chetu cha San Melchor miaka thelathini na minane. Hakuna maiti aliyeteremshwa kaburini hapa bila pumzi yake, awe tajiri, awe mlevi wa kuokotwa mtaroni, na hakuna aliyetozwa hata senti. Ndiyo desturi yetu. Sasa zamu ilikuwa yake, na bendi haikuwapo.

Bendi ilikuwa na harusi. Siku hizi wageni wanatoka huko kwao kuja kuoana Oaxaca mjini, mbele ya kanisa kubwa la mawe, halafu kesho yake wanahamia pwani ya Huatulco kuendelea kunywa. Na bila tarumbeta zetu na yale masanamu marefu ya karatasi yanayochezeshwa barabarani, eti harusi haijakamilika.

Ijumaa nikapanda basi kwenda mjini kumtafuta Nicandro, kiongozi wa bendi. Mwanangu wa ubatizo huyo. Macedonio ndiye aliyemfundisha kushika ala. Nilimkuta juani, msafara unateremka barabara ya mawe, bi harusi mbele, wageni nyuma na vikombe vya pombe vimening'inia shingoni. Nikapita katikati yao na nguo zangu nyeusi. Mama mmoja aliyeiva kwa jua akanikumbatia, akanichomeka ua nyweleni, akataka tupigwe picha. Alidhani mimi ni sehemu ya ngoma. Nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe.

Nicandro alinisikiliza bila kunitazama usoni. Alisema wametia saini mkataba, pwani wanasubiriwa Jumamosi, wakivunja ahadi hawataitwa tena, na mahindi yetu yameungua kwa ukame mwaka wa tatu mfululizo. Nilijua hasemi uongo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nipe mpaka Jumapili, mama," alisema. "Jumapili tutampigia mpaka mbinguni wasikie."

Nikarudi, nikanunua barafu. Wifi yangu Delfina, ambaye mdomo wake haujui likizo, aliniuliza mbele ya waombolezaji kama nimemgeuza kaka yake samaki. Majirani wakajifanya hawakusikia, wakaendelea kula tamale zao za unga wa mahindi. Siku mbili nilishinda nikibadilisha barafu chini ya jeneza na kufuta maji sakafuni, nikimwambia marehemu avumilie, vijana wake wanakuja.

Na walikuja kweli. Jumapili saa sita mchana walishuka basini mbele ya makaburi, nguo nyeupe, mchanga wa pwani kwenye viatu, macho mekundu kwa uchovu. Moyo wangu ukatulia. Nikamtupia Delfina jicho, na jicho hilo analijua.

Nicandro akainua mkono. Wimbo wa kaburini ukaanza, ukaenda hatua nne tano, ukakatika. Wakaanza tena. Ukakatika palepale. Vijana wakaangaliana, nusu yao wameingia miaka hii ya harusi, hawajawahi kujifunza kuupiga sawasawa. Mtu mmoja ndiye aliyekuwa akiubeba wimbo ule kwa besi yake, wenzake wakijishikiza kwake, na mtu huyo alikuwa ndani ya jeneza.

Nicandro akanisogelea, jasho linamchuruzika. "Nisamehe, mama. Tunaoujua sote ni ule wa bi harusi."

Delfina akasema heri kimya kuliko fedheha. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi mtu. Nikawaambia wapige.

Wakaupiga vizuri, vizuri mno. Jeneza likaanza kushuka. Nikaona mguu wa mtu unadunda, kisha unajizuia. Na mpiga tarumbeta mmoja, kwa mazoea tu, walipofika pale wanaposhangilia, akaitoa ala mdomoni akapaza sauti: "Maharusi waishi milele!" Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Hakuna aliyecheka. Mimi nililia kwa aibu na kwa uchungu, sijui kipi kilizidi, na udongo ukawa unaingia.

Walipomaliza nilimshika Nicandro mkono, nikamuuliza mama yake mzazi akifa watampigia nini. Akaangalia chini.

"Huohuo, mama," akasema, akapanda basi. Saa kumi walikuwa na harusi mjini.