Bi Pasi Hayumo Pichani

Kitinda mimba wangu ndiye aliyenisogezea simu nikinywa chai. "Baba, kiwanda kimetoa picha ya kina mama mtandaoni. Ile ya waanzilishi."

Nikavaa miwani. Meneja nilimwona mara moja, kakaa katikati kama bwana harusi. Makarani wake hao, kulia na kushoto. Washonaji nao wapo. Mke wangu hayupo.

"Tazama vizuri, baba."

"Mama yako namtafuta kwa miwani? Hayumo."

Picha ile naijua, maana siku inapigwa nilikuwa nimesimama langoni namsubiri. Walipangwa kwa mpangilio wa kazi: wakata vitambaa kushoto kabisa, washonaji wakafuata, wa vifungo, na mwisho kulia wapiga pasi. Mabosi wakaletewa viti katikati. Mke wangu, wenzake wakimwita Bi Pasi, alikuwa wa mwisho kabisa. Nakala hatukupewa.

Miaka kumi na tisa alivuta mvuke wa pasi zao, akiomba feni, feni haikuja. Kifua kikamla. Tangu nimzike nimewapelekea barua tatu za kudai haki yake, mwenye kalamu nzuri akiniandikia, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Sasa wanatoa picha, na yeye hayumo. Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini hesabu hiyo haikunishinda. Asiyekuwemo pichani hakufanya kazi hapo, na asiyefanya kazi hapo hakuugulia hapo.

Nikavaa viatu.

Langoni mlinzi akacheka. "Mzee wa barua! Leo huna bahasha?"

"Leo nimekuja na macho. Fungua."

Aliyeshika mambo ya mtandaoni ni binti mmoja, ofisi yake ilikuwa stoo ya nyuzi zamani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakutuma umkate mke wangu?"

Akashtuka. Nikamweleza. Akashusha pumzi. "Sijamkata mtu, baba. Mtandao ndio umekata."

"Mtandao una mkasi?"

Akageuza kompyuta nione. Picha nzima ilikuwemo, na mwisho wa mstari Bi Pasi wangu, mikono kaikunja, macho kayafumba. Nikavua miwani, nikaifuta, nikatazama tena.

"Unaona ilivyo ndefu? Kama kamba ya kuanikia nguo," akasema. "Ukurasa wetu unataka mraba. Nilitakiwa kuipima kwanza, lakini nilikuwa na haraka, nikaipandisha hivyo hivyo. Ikachukua katikati, ikatupa pembeni."

"Na katikati kakaa nani?"

Akakuna kichwa. "Meneja."

"Basi huo mtandao wenu unamjua bosi."

Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Akaibana picha yote iingie kwenye mraba. Juu pakawa peupe, chini peupe, na watu wakawa punje za mchele.

"Mke wangu yupi hapo?"

"Huyu... hapana, huyu."

"Hujui."

Akaachana na hiyo. Akaukokota mraba kwenda kulia mpaka Bi Pasi akaingia mzima. Meneja naye akatoka, kikabaki kiatu chake kimoja.

"Tuma hiyo," nikasema.

"Baba, nitafukuzwa kazi!"

"Unaona? Wangu akitoka ni mtandao. Wenu akitoka ni kufukuzwa."

Akakaa, akafikiri, kisha akaikata picha vipande vitatu, kila kimoja mraba wake. Mtu akisukuma kwa kidole anakuja wa pili, akisukuma tena anakuja wa tatu. Hapo sura zilionekana, hata vifungo. Ila lazima aombe ruhusa kwa mkubwa wake, akaenda chumba cha pili. Nikasikia mtu anacheka nyuma ya ukuta. Wanamcheka nani, kama si mimi?

Akarudi. "Amekubali. Ila cha katikati kitangulie. Mama atakuwa wa mwisho."

"Nilijua! Nani atasukuma mara mbili? Mtu akishamwona bosi anapita zake."

"Baba, uniamini kidogo tu."

"Niliwaamini kwa miaka kumi na tisa, mwanangu. Imetosha."

Sikutoka kwenye kiti mpaka akaifuta ile ya kwanza na kutuma hizi mbele ya macho yangu, kisha nikamwambia afungue kwa simu yake, si kwa kompyuta, maana kompyuta inaweza kuonyesha lingine. Akasukuma. Akasukuma tena. Alikuwepo.

Zamu ikatoka saa kumi, nami nimesimama langoni. Mlinzi akaniambia nisiwazuie watu njia. Nikamwambia afungue simu yake kwanza, ndipo tutazungumzia njia.

"Sukuma," nikamwambia. "Usiishie hapo kwa bosi. Sukuma tena."

Akasukuma. Mshonaji mmoja wa zamani akachungulia begani kwake, akapiga makofi. "Ee! Bi Pasi! Kumbe alifumba macho?"

"Jua lilikuwa usoni. Na wewe fungua yako."

"Nimeshaona kwa huyu, shemeji."

"Fungua yako."

Akafungua. Nyuma yake walikuwa wanatoka wengine, na simu zao mkononi. Nikasogea katikati ya njia.