Mikate ya Alama Nyekundu

Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa tena.

Bi Siti alisimama uani na ndoo yake, akautazama mlango ule kwa jicho la shaka. Hapa Wingwi mlango wa jiko haufungwi mchana. Jirani huja kuomba kaa la moto, kuku huingia kutafuta punje, moshi nao unataka njia yake. Anayefunga mlango wa jiko mchana kweupe ana jambo. Na aliyeufunga alikuwa Suhaila, mke wa mwanawe, msichana wa Makangale aliyeolewa Mfunguo Mosi uliopita, mara tu baada ya Ramadhani. Mpole, mwenye haya, huamka kabla ya adhana. Siku hizi hata upole wake ulikuwa umeanza kumtia Bi Siti wasiwasi.

Akasogea taratibu, akaweka jicho kwenye ufa wa ubao.

Suhaila alikuwa ameketi mbele ya sufuria kubwa. Kifuniko chake kilikuwa kimevishwa kitambaa cheupe, ncha zimefungwa fundo juu, na mvuke unapenya pembeni. Hakoroji, haonji. Ametulia tuli, mikono mapajani, midomo inamcheza. Kando yake palikuwa na majani ya mgomba yaliyokatwa vipande vipande.

Bi Siti alirudi nyuma, mkono kifuani. Tangu utotoni aliwaona wenye mashetani wakiinamishwa juu ya chungu cha majani yanayochemka, wamefunikwa nguo, wanafukizwa. Sasa mafukizo yameingia ndani ya nyumba yake, nyumba ambayo kila usiku wa Ijumaa wanawake hukusanyika, na yeye Bi Siti ndiye anayewaongoza kusoma.

"Audhu billahi," akanong'ona, akaondoka bila kuchota maji.

Adhuhuri Suhaila alileta wali na pweza wa nazi. Bi Siti alikula wali. Pweza alimgeuza huku, akamgeuza kule, na msichana alipoinuka kwenda kuleta maji, akamtia kwenye pembe ya kanga. Baadaye alimpa paka nyuma ya choo. Hiyo ilikuwa siri yake, na haikuhusiana kabisa na mambo ya jikoni. Magego yake yalikuwa yamekwisha. Moja lililobaki lilikuwa linauma mpaka sikioni. Hakumwambia mtu. Bibi asiye na meno, herufi zinamponyoka, na herufi zikimponyoka, watamweka mwingine mbele ya wasomaji. Kwa hiyo siku nyingine alisema amefunga sunna, siku nyingine alisema hana njaa, na paka akanenepa.

Jioni alikwenda kwa jirani yake, Bi Ummkulthum, aliyekuwa akichambua kunde barazani.

"Anapika vitu vyeupe," Bi Siti alisema kwa sauti ya chini. "Nimemchungulia zaidi ya mara moja. Duara, kama ngumi ya mtoto. Juu yake anatia alama nyekundu, moja moja, katikati."

"Nyekundu?"

"Nyekundu ya mbegu za mzingifuri. Na ndani hatii samaki. Hatii nyama, yai hataki, hata maziwa hayagusi."

"Ehee!" Bi Ummkulthum aliivuta ile ehee mpaka mbuzi aliyefungwa barazani akageuza kichwa. "Siti, mie sisemi kitu. Mdomo wangu umejaa swalawati. Lakini Pemba hii, anayekataa samaki, si yeye anayekataa. Ni mwenzake aliye naye."

"Usiseme hivyo."

"Sijasema. Kila shetani ana mwiko wake, nani asiyejua? Huyu hali samaki, yule hali yai. Na kila mmoja anataka atengewe chano chake, sinia la vyakula vyeupe na vyekundu. Weye mwenyewe unanieleza chano, kisha unaniambia nisiseme!"

"Pengine ni mapishi tu."

"Pengine. Kwao si karibu na msitu wa Ngezi, unaosifika kwa mashetani?"

"Ndiyo."

"Basi." Akarudi kwenye kunde zake. "Mie sisemi."

Bi Siti alirudi nyumbani na lile "sisemi" likimwandama kama nzi. Aliswali Magharibi, akakaa kwenye mswala. Alijua kwamba kuna dhana iliyo dhambi, na kumsingizia mwanamke mwema ni mzigo mzito Siku ya Hesabu. Alimwomba Mola amwonyeshe. Kwa muda wote aliokaa pale hakuonyeshwa chochote, ila lile gego lilipiga kama ngoma. Akaamua kumjaribu mwenyewe.

Siku ya pili alisukuma mlango wa jiko bila kubisha, kiganja kimejaa dagaa. Suhaila aliruka. Mbele yake palikuwa na donge la unga uliotiwa hamira na kuumuka vizuri, na mabakuli mawili.

"Unapika nini, mwanangu?"

"Mikate ya mvuke, mama. Ya Kichina."

"Ya Kichina. Na humo?"

"Hili uyoga na mchicha na tangawizi. Hili choroko, nimezipika kwa tui na sukari."

"Basi tia dagaa hizi kwenye mchicha, upate ladha."

Suhaila alilifunika bakuli kwa mikono miwili. "La, mama! Humu kisiingie kitu kilichokuwa na roho. Tafadhali. Hata sufuria nimeisugua kwa majivu, isibaki harufu ya samaki."

Bi Siti alifumba kiganja chenye dagaa. "Kwani kikiingia kitatokea nini?"

Msichana alitazama chini. "Sijui, mama. Na sitaki kujua."

Hapo Bi Siti hakuhitaji tena kuonyeshwa. Aliziacha dagaa kizingitini, akatoka, akampigia simu Haidar, mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi ya useremala Chake Chake.

"Njoo Ijumaa."

"Kuna nini, mama? Unaumwa?"

"Ni ndoa yako. Mkeo inabidi arudi kwao."

"Amekukosea adabu?"

"Njoo tu. Mengine si ya kwenye simu."

Ijumaa Haidar alifika moja kwa moja kutoka msikitini, kofia kichwani, uso umemsawijika. Hakumtazama mkewe. Aliketi kwenye mkeka ndani, mbele ya mama yake, akangoja. Kabla Bi Siti hajafungua mdomo, Suhaila aliingia na sinia lililofunikwa kawa. Alipiga magoti, akaliweka si mbele ya mumewe, bali mbele ya Bi Siti, akaifunua kawa.

Mikate ilikuwa myeupe kama pamba, kila mmoja umekalia kipande chake cha jani la mgomba. Na kila mmoja katikati una alama nyekundu.

"Unaona?" Bi Siti alimwambia mwanawe. "Unaona kwa macho yako? Hiki ni chano. Msichana, sema mbele ya mumeo. Chano hiki cha nani?"

"Chako, mama."

"Changu mie, au cha huyo mwenzako uliyekuja naye kutoka Makangale?"

Suhaila alimkodolea macho. "Mwenzangu? Mie sina mwenzangu, mama." Akalionyesha sinia. "Nilidhani ni wewe uliye naye."

Haidar alisema, "Nani ana nani?"

"Niliona," Suhaila alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nyama huli. Pweza unamtia kwenye kanga. Samaki unampa paka nyuma ya choo, kisha unashika shavu na kusoma peke yako. Nikajua mama ana mwiko, na mambo hayo hayaulizwi. Niliogopa siku moja nitakupikia kitu kibaya, shetani wako akupande kichwani, uanguke. Kule kwetu kabla sijaolewa nilifanya kazi kwenye nyumba ya wageni. Alikuja Mchina mmoja, mwanamke, kutazama popo wa msituni. Alikuwa hali kitu chenye roho, na mikate hii alinifundisha yeye. Ya mwanzo ilinishinda, ikaninywea mikononi. Nikasema nikiipata sawasawa ndipo nimtengee mama."

"Na hiyo nyekundu?"

"Ni ya kujulia, mama. Yenye alama haikugusana na samaki. Yetu sisi ipo jikoni, haina alama, ina dagaa zako."

"Na kile kitambaa ulichokifunga juu?"

"Maji ya kifuniko yasidondokee mikate. Ikidondokewa inakuwa na makovu."

"Na midomo?" Bi Siti alikuwa bado hajamaliza. "Nilikuona. Midomo ilikuwa inakucheza."

Suhaila alijifuta kwa upande wa mtandio. "Nasoma Yasini. Sina saa. Nikiimaliza bila haraka, mikate imeiva."

Haidar aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Kwanza Bi Siti alifikiri analia. Kisha kicheko kikamtoka, akajifunika uso kwa kofia. "Mama na mkwe! Kila mmoja anamtafutia mwenziwe shetani!"

"Usicheke," Bi Siti alisema.

Haidar aliacha. Akamtazama mama yake kwa makini. "Lakini mama, paka anakula samaki wako kwa nini?"

Bi Siti alishika shavu. Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa mdomoni mwake. Akikaa kimya, shaka itabaki ndani ya nyumba, na nusu yake itamwangukia msichana huyu aliyesugua sufuria kwa majivu kwa ajili yake. Akisema, wanawake wa usiku wa Ijumaa watajua. Alisema Bismillahi, akafungua mdomo wazi, akavuta shavu kwa kidole.

Haidar alichungulia. "Mama! Hamna magego!"

"Hamna," Bi Siti alisema. "Sasa mnajua. Hakuna shetani. Kuna gego moja, nalo linanitesa kuliko shetani."

Suhaila aliuchukua mkate mmoja, akaupasua katikati, akamwekea mkononi. Mvuke wa tangawizi ulipanda. Bi Siti aliupeleka mdomoni, akasita, akausomea Ayatul Kursiyu mpaka mwisho, maana tahadhari si ugomvi na mtu. Kisha akauma. Mkate ulikuwa laini kiasi kwamba haukumtaka magego. Akala wote, akachukua wa choroko, na baada ya huo mwingine.

"Kesho nakupeleka hospitali, likatolewe," Haidar alisema.

"Kesho. Na mkeo harudi popote, usiniangalie hivyo. Nilikosea. Suhaila, mwanangu, unisamehe kwa ajili ya Mungu."

"Nimekusamehe, mama. Na wewe unisamehe. Nami nilikudhania."

Jumatatu, Bi Ummkulthum alikuja kuomba kaa la moto. Hakumwona mtu uani, na mlango wa jiko ulikuwa umefungwa. Ndani alisikia sauti mbili zinasoma pamoja, moja changa, nyingine ya kizee inayopuliza herufi.

"Taratibu, mama," ile changa ilisema. "Ukienda mbio itatoka mibichi."

Bi Ummkulthum alitazama kulia, akatazama kushoto, akaweka jicho kwenye ufa. Aliona kitambaa cheupe, mvuke, na wanawake wawili wameketi tuli mbele ya sufuria, midomo inawacheza.

"Maskini Siti," akanong'ona. "Naye wameshamchukua."