Udi Kwenye Injini

Jumatatu mwanangu Abdi alinipigia simu kutoka Nairobi akaniambia kwamba Jumamosi anakuja Kitale kuuza gari yangu. Hakuuliza. Alisema tu, vile daktari husema jino litang'olewa.

"Mama, hiyo gari inazima kila mahali. Na wewe una miaka sitini na tisa."

"Miaka iko kwangu," nikamjibu, "haiko kwa gari."

Tukapatana: Jumamosi nimpeleke Bungoma nikiendesha mimi mwenyewe. Ikizima hata mara moja, mnunuzi aichukue. Isipozima, Abdi afunge mdomo mpaka nife. Akaapa.

Kuna kitu sikumwambia. Bungoma, karibu na msikiti, kuna Salman, fundi wa kushona kanzu. Amefiwa na mke kama mimi nilivyofiwa na mume, meno yake ya juu ni ya kubandika, na chai yake ina tangawizi ya kuamsha maiti. Kila Alhamisi, Abdi akiuliza, nilikuwa na "mgonjwa wa kuangalia" Bungoma, na mgonjwa huyo alikuwa mzima kabisa. Bila gari ningebaki Kitale na tasbihi na kuku.

Lakini Abdi hakudanganya, gari ilikuwa inaumwa. Barabarani ilikwenda safi. Ikisimama tu, injini inaanza vituko: vuuum, inapanda yenyewe, halafu inashuka mpaka inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, halafu vuuum tena, na mguu wangu haujagusa kitu. Siku nyingine ikishuka hairudi. Salman alikuwa akiisikia kutoka kona ya msikiti, anapata nafasi ya kuweka sufuria jikoni na kuvaa meno.

Jumanne nikaipeleka mtaa wa Tuwan kwa fundi wa magari, Gichuki.

"Shosho, hii ni plagi," akasema kabla hata sijashuka.

"Shosho ni bibi yako. Mimi ni Mama Abdi."

Akabadilisha plagi. Vuuum. Jumatano akafungua injekta zinazopuliza petroli, akaziosha, akazirudisha. Vuuum. Alhamisi, siku ya mgonjwa wangu, nilishinda pale juu ya tairi kuukuu nikimwangalia akijikuna kichwa kwa spana.

"Mama Abdi, hizi gari za kompyuta ziliundwa kusumbua watu. Tung'oe mambo yote ya injekta, nikuwekee kabureta ya kizamani. Nimewekea watu wengi."

"Na wote wanatembea?"

"Wanatembea."

"Kwa miguu?"

Msaidizi wake Wabwile, mtu mzima mwenye watoto watano, alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Halafu akaniinamia, akasema polepole, "Mama, mimi naona hii gali iko na mapepo. Inapumua, bana. Umesikia vile inapumua?"

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini sijaona pepo anayejua kushika usukani. Nikaona hata hivyo nimchezee kidogo. Kwetu, nyumba ikiingiliwa tunaifukiza. Ijumaa asubuhi nikafika na chetezo changu, makaa mekundu, udi unafuka, nimejifunga buibui kama mganga wa kutoka mbali.

Gichuki akaruka. "Makaa karibu na petroli! Unataka twende mbinguni sote?"

"Nyinyi hamna hakika ya kwenda huko," nikamwambia. Nikaacha chetezo nje ya geti, nikatoa kwenye mkoba kijiti kimoja cha udi, kile chembamba, nikakiwasha. Nikaamuru injini iwashwe. Wabwile akavua kofia. Nikaanza kuzungusha kijiti juu ya injini, nikinong'ona kwa sauti nzito majina ya vitu vya dukani: unga, sukari, sabuni ya kipande. Wabwile akaitikia, "Amina."

Moshi ulikuwa unapanda wima. Nikapita juu ya betri, wima. Nikapita kwenye plagi, wima. Nilipofika nyuma, pale bomba kubwa la hewa linapoingia kwenye injini, moshi ukapinda. Ukainama kama bibi harusi akisalimia wakwe, ukaingia chini ya mpira mdogo, ukapotea.

Nikaondoa kijiti, nikakirudisha. Ukapinda tena.

"Gichuki, njoo uone. Kuna mtu anavuta udi wangu."

Akaja akinung'unika. Akapitisha kidole chini ya ule mpira, mahali macho hayafiki, akagusa ufa. Akauziba kwa dole gumba. Injini ikatulia kama darasa mwalimu akiingia. Akatoa dole: vuuum. Akaziba: kimya.

"Aki," akasema. "Inavuta hewa."

"Yaani?"

"Kompyuta inapima hewa inayopita mlangoni, kumbe nyingine inaingia dirishani. Hesabu zake zinakataa. Inaongeza, inapunguza, inaongeza..."

"Na wewe ulitaka kubomoa nyumba nzima," nikasema, "badala ya kufunga dirisha."

Akaweka mpira mpya kabla sijamaliza chai. Wabwile mpaka leo anasema ni yale maneno niliyonong'ona.

Jumamosi Abdi akaketi kando yangu, uso kama hakimu. Kiminini tukasimama kupisha ng'ombe: kimya. Webuye tukasimama nyuma ya lori la miwa: kimya, mpaka Abdi akainama asikie kama injini bado iko hai. Moyo wangu ukawa unaimba taarabu.

Bungoma nikakata kona ya msikiti, nikasimama mlangoni pa Salman, injini inanguruma pole kama paka. Hapo ndipo nikakumbuka. Salman hakutusikia.

Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa akimpimia mteja wake Jotham mabega, na bila meno sauti yake inatoka na upepo mwingi. "Kanju ya nikaha nimeshashona, Jotham. Mama Abdi mwenyewe hana neno. Naogopa huyo mtoto wake wa Nairobi tu."

Abdi akanigeukia taratibu. "Mama. Huyu ndiye mgonjwa?"

"Uliapa," nikamwambia, mikono yangu imeng'ang'ania usukani. "Haikuzima hata mara moja."

Abdi akanyoosha mkono kando yangu, akabonyeza honi.

"Mzee!" akaita. "Weka maji ya chai, ya watu watatu!"

Ndani tukasikia kitu kikianguka, na Salman akitafuta meno.

Gari iko. Lakini siku hizi nikifika kona ya msikiti napiga honi mara mbili. Mume naye anahitaji kujiandaa.