Mashimo Niliyoyaandika Vilima

Je, wewe umewahi kutazama shimo ukaapa kwamba ni kilima? Usicheke kwanza, ngoja nimalize. Mimi niliyatazama mashimo mia mbili na zaidi, siku tatu mfululizo, miwani puani na penseli mkononi, na karibu yote nikayaandika vilima. Aliyetwishwa kosa hilo hakuwa mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshona miaka arobaini na moja: sare, mapazia, magauni ya harusi, hata vifuniko vya viti vya gari. Naishi na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho, tangu alipoanza chuo. Namwita mke mwenzangu. Yeye huniita bibi, na akiwa na shida huniita bibi mrembo.

Alikuwa amepata kazi katika chumba cha picha cha chuo, kwa majaribio ya miezi sita. Kazi yenyewe ukisimuliwa utadhani unataniwa. Kuna chombo kinachoizunguka Mirihi, ile sayari jirani yetu ya mawe na vumbi jekundu, kinapiga picha ardhi yake kutoka juu. Picha zikifika, watu wanakaa wanahesabu kilichomo. Shimo lililochimbwa na kimondo linazungushiwa duara na kuandikwa S. Kilima ni K. Matuta ya mchanga yanachorewa mistari, na makorongo yanafuatishwa toka juu mpaka yanapoishia. Penye mashimo mengi ardhi ni kongwe, imepigwa na vimondo miaka na miaka. Palipo na machache ni changa.

"Kwa hiyo mnaitafutia cheti cha kuzaliwa," nilimwambia.

"Bibi, ningekuajiri wewe uwe msemaji wetu."

Mkuu wa chumba chao ni mtu wa mambo ya zamani kidogo. Hesabu ya kwanza anataka ifanywe kwa penseli juu ya karatasi ya kufuatishia, ile ile tunayotumia mafundi kunakili ruwaza za nguo. Baadaye ndipo inaingizwa kwenye kompyuta. Nilipoiona karatasi ile mezani kwetu nilifurahi kama niliyekutana na jamaa ugenini.

Jumatatu moja mjukuu wangu aliteleza kwenye ngazi za ofisini, mkono wa kulia ukavunjika karibu na kiganja. Alirudi na plasta mpaka kwenye kiwiko na bahasha kubwa kwapani. Ndani mlikuwa na picha thelathini na tisa, na zilitakiwa Ijumaa.

"Rudisha," nikamwambia. "Useme mkono huo hauwezi kuchora."

"Nikisema watampa mwingine, bibi. Bado miezi miwili nithibitishwe. Wakimzoea huyo mwingine je?"

"Basi nichore mimi. Wewe unioneshe, mimi nichore. Mkono wangu hautetemeki."

Akasema picha haziruhusiwi kutoka nje ya chumba bila ruhusa, seuze kuguswa na mtu mwingine. Kisha akasema, "Haya, bibi mrembo."

Jumanne asubuhi tukaketi kwenye meza yake. Alinieleza kwa utaratibu, na kitu kimoja alikisema mara mbili: "Kwenye picha hizi zote jua linatoka kushoto. Ulikumbuke hilo kila ukitazama."

Nikasema ehe. Sikuelewa. Jua la kushoto lina uhusiano gani na kuzungusha duara? Lakini alikuwa ameeleza kwa ufasaha, na maneno yake ya chuo, nami niliona haya kumwambia arudie tena kama kwa mtoto. Nikatikisa kichwa, nikasema ehe ya pili.

Picha nane za kwanza tulizifanya pamoja. Yeye anaonesha kwa kidole cha mkono mzima, mimi nachora. Kukawa na korongo moja lililojikunja kama uzi uliotoka kwenye bobini ya cherehani, na matuta yaliyopangana sawasawa kama marinda ya sketi ya shule. Nilipenda. Siwezi kusema uongo, sikuwa nimependa kitu namna ile tangu nilipoendesha cherehani mara ya kwanza.

Mchana dawa za maumivu zikamlemea, akaenda kulala. Mimi nikabeba picha nikahamia kwenye meza yangu. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, na cherehani yangu nimeiweka dirisha likiwa upande wa kulia, ili kivuli cha mkono kisinizibie kazi. Miaka yote nimeshona hivyo. Nikaketi, nikatandaza picha ya tisa, nikaendelea.

Na pale kwangu vilima vilikuwa vingi.

Nataka uelewe vizuri, maana hapa ndipo lilipo kosa. Kila mviringo ulikuwa na upande mmoja unaong'aa na mwingine wa giza, na ule wa kung'aa ulikuwa wa kulia, kuelekea dirisha langu. Jicho langu likasema basi, kitu kimevimba, kinapokea mwanga. Ni kilima. K. Mwingine, K. Niliona mpaka raha jinsi vilivyojitokeza, kama vifungo kwenye gauni.

Picha ya kumi na saba ndiyo inayoniuma. Niliinama kuokota penseli, nikainuka kwa upande, nikaiona picha kutoka pembeni. Vilima vyote vikazama. Vikawa mashimo, hivi hivi nikiangalia. Nikapepesa macho, nikakaa sawa, vikainuka tena.

Mjukuu wangu alikuwa chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi, nilimsikia akigeuka kitandani, hakuwa amelala. Ilikuwa ni kuita tu: mke mwenzangu, njoo uone. Sikuita. Nilijiambia miwani yangu imechakaa. Lakini kilichonifunga mdomo hasa ni zile ehe zangu mbili. Nikiuliza sasa, atajua kwamba tangu asubuhi nilikuwa natikisa kichwa tu.

Nikaandika K.

Alhamisi jioni nikamkabidhi zote thelathini na tisa. Alizipitia, akasifu mistari yangu. Usiku ule aliingiza hesabu kwenye kompyuta kwa mkono mmoja, kidole kimoja kimoja, bila kurudia kutazama picha. Kwa nini arudie? Zimechorwa na bibi yake.

Wiki iliyofuata, Jumatano, alirudi nyumbani mapema. Akasema amepewa mapumziko ya wiki moja kwa ajili ya mkono. Nikamwambia wamefanya la maana, nikamkaangia mayai.

Kesho yake yeye akiwa hospitali, mwenzake wa kazini alibisha hodi. Ni kijana mrefu wanayemwita Miwani, ingawa hana miwani. Eti aliivunja siku ya kwanza ya kazi na jina likabaki. Alikuwa amebeba kikombe cha mjukuu wangu, mwavuli na kandambili.

"Shikamoo bibi. Nimemletea vitu vyake."

"Marahaba. Vitu vya mapumziko ya wiki moja vinarudishwa na mwavuli?"

Akaangalia chini. "Hajakwambia?"

"Niambie wewe."

Akaniambia, amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Mkuu alikuta mashimo yameandikwa vilima kwenye picha thelathini na moja. Ardhi ambayo kila mtu anajua ni kongwe, kwa hesabu ile ilitoka changa. Mkuu akauliza mbele ya wote nani amefanya kazi hii, na mjukuu wangu akasema, ni mimi. Akaulizwa ilikuwaje nane za kwanza ziwe sawa, akasema alichora kwa mkono wa kushoto, akachoka.

"Mkuu alisema asiyejua shimo na kilima hawezi kukaa chumba kile," Miwani akamalizia. "Wanaamua Jumatatu saa nne. Sisi tumeshangaa, bibi. Yule ndiye aliyenifundisha mimi."

Alipoondoka nikachukua bakuli la jikoni nikaliweka kwenye meza yangu, wazi kuelekea juu. Mwanga wa dirisha ukaingia, ukang'arisha ukuta wa kushoto, ule wa mbali na dirisha. Nikaligeuza kifudifudi. Sasa ukang'aa upande wa kulia. Nikalifunua, nikalifudikiza, sijui mara ngapi. Kumbe mwanga ukitoka kushoto, kinachong'aa upande wa kulia ni shimo. Jua linatoka kushoto. Alikuwa ameniambia mara mbili.

Ungedhani aliporudi nilimwambia. Sikumwambia. Alhamisi nilimwandalia chai. Ijumaa nilimpasia nguo zake zote, hata za ndani, mpaka akauliza, "Bibi, kuna harusi?" Jumamosi nilimpa ile shali yangu nzuri niliyokuwa naitunza. Naye alipokea kila kitu, akinichekea, akiendelea kunificha ili nisiumie. Tulikuwa wawili katika nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa uongo, na wa kwangu ulikuwa mchafu zaidi, kwa kuwa wa kwake ulinikinga mimi, na wangu pia ulinikinga mimi.

Jumapili niliosha lile bakuli, nikaliweka karibu na mlango.

Jumatatu saa mbili na nusu nilivaa viatu vya kutokea, nikatia bakuli kwenye mfuko, nikaenda.

Mkuu wa chumba cha picha ni mtu mfupi wa shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Alinipa kiti na shikamoo yake, akidhani nimekuja kuomba huruma.

"Bibi, mambo ya kazi..."

"Sikuja kuomba. Vilima vile ni vyangu," nikasema. "Nimevichora mimi. Mjukuu wangu hakugusa penseli."

Nikatoa bakuli, nikaliweka mezani kwake, nikamweleza dirisha langu na mkono wangu. Nikamwambia mjukuu wangu alinieleza kuhusu jua, mara mbili, nami nilijifanya nimeelewa, na hata Jumanne nilipoona vilima vikizama sikumwita. Hilo lilikuwa gumu kulitoa kuliko yote.

Akafungua kabati akatoa karatasi zangu. Akazitazama, akaigeuza moja juu chini, akaigeuza tena.

"Duara zote ziko mahali pake," akasema. "Hakuna hata moja iliyopungua. Umehesabu vizuri kuliko baadhi ya watu wangu, ila ardhi ya kizee umeifanya mtoto."

"Ningejua dawa yake ningeanza na mimi mwenyewe."

Hakucheka, ila mdomo ulimcheza kidogo. Kisha akawa mkuu tena. Alisema sasa kosa limebadilika, halijapungua: mjukuu wangu alitoa picha nje na akadanganya. Hatamfukuza. Atamwandikia barua ya onyo, picha zote thelathini na tisa azirudie mle mle chumbani, na majaribio yake yaongezwe miezi mitatu.

"Mitatu?"

"Bibi, nimepunguza."

Nikashukuru. Nilipotoka nilimkuta mjukuu wangu kwenye korido, plasta kifuani, amekuja kwa ajili ya saa nne yake. Aliona bakuli mkononi mwangu. Sikuhitaji kueleza.

Alipotoka kwa mkuu alikuwa ameshaambiwa yote, tukarudi nyumbani. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, akatazama dirisha, akanyoosha mkono mzima mezani akautazama mwanga unavyoangukia vidole.

"Nilikuwa macho," akasema. "Siku ile ya Jumanne. Nilikuwa hapo chumbani, macho kabisa. Ungeniita tu."

"Najua."

"Sasa mbona hukuita? Mimi nilisema uongo mbele ya watu kwa sababu nilijua ulitaka kunisaidia. Ndicho ulichotaka, si ndiyo?"

Ningeweza kusema ehe. Ilikuwa imeshafika mdomoni, ya tatu.

"Hapana, mke mwenzangu," nikasema. "Kusaidia ilikuwa njia ya kukaa kwenye ile meza. Tangu darasa la saba nimekuwa nikitazama watoto wa nyumba hii wakifungua madaftari, nami napita na ufagio. Nilitaka unifundishe. Toka mwanzo, polepole, na nikikosea unirudishe. Hicho tu ndicho nilichokuwa nataka."