Paja la Nguruwe Jikoni kwa Felismina

Jikoni kwa Bi Felismina, katika kijiji cha milimani Ureno, lilitundikwa paja la nguruwe ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulionja. Lilikuwa la macho ya majirani tu. Wazee wake, Wayahudi wasiokula nguruwe, walibatizwa kwa nguvu miaka mia tano nyuma, wakajifunza kuishi hivyo: Jumapili kanisani, Ijumaa jioni taa ya Sabato imefichwa ndani ya chungu na mlango komeo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata aliyebaki ni Felismina peke yake. Hata bintiye Odete hakufundishwa sala zile.

Kiharusi kilipomlaza, bibi alitaka jambo moja tu: azikwe na Wayahudi wenzake kule mjini.

"Maisha yangu yote nimemwigizia padri," alisema. "Na kaburini pia? Nimechoka, mwanangu."

Wenye makaburi wakasema sawa, ila rabi, kiongozi wao wa dini, azisikie sala kinywani mwake mwenyewe. Odete aliandika barua miezi minane. Rabi akaja, Jumanne asubuhi, na daftari lake.

"Mama, ndiye huyu tuliyemngoja."

"Shikamoo, bibi," rabi akasema kwa upole, akafungua kalamu. "Nisomee sala ya Ijumaa. Halafu nitajie majina ya wote wanaoishika."

Lo! Majina! Bora angemtukana. Tangu utotoni bibi alionywa juu ya mgeni mpole mwenye kalamu anayeuliza majina, maana zamani walioandikwa hivyo kanisa liliwachoma moto. Uso ukambadilika, mkono wake mzima ukachora msalaba kifuani.

"Sala gani, baba? Sisi Wakatoliki."

"Mama, jamani!"

"Nyamaza, mjinga wewe! Shusha hiyo nyama, unikatie."

Odete hakusogea. Bibi akafoka hadi mate yakamtoka, ikabidi akatiwe. Akatafuna nguruwe mbele ya rabi, polepole, huku akitabasamu. Odete alitamani ardhi ipasuke immeze.

Rabi akafunga daftari. "Pole, dada. Siwezi kuandika nisichosikia."

Gari lilipoondoka, bibi akanong'ona, "Wamekwenda?"

"Amekwenda, mama."

"Jina lako wameliandika?"

"Hapana, mama."

"Basi umepona."

Hapo akaitema nyama iliyobaki mdomoni, akalia kama mtoto, na sala ikamtoka yote, mwanzo hadi mwisho: "Adonai, Bwana Mungu wangu, mdomo umekukana, moyo haukukana..." Odete alitoka mbio miguu mitupu mpaka barabarani. Gari lilikwishapita daraja.

Alimpigia rabi simu, akaahidiwa kuwa atarudi mwezi ujao. Bibi hakuufikia mwezi huo. Siku ya kumi na moja padri alimzika chini ya msalaba, na majirani wakajaa jikoni kutoa pole.

"Mama yako alikuwa Mkatoliki kwelikweli," mmoja akasema.

"Kwelikweli," Odete akajibu, akachukua kisu, akamkatia nyama.